UZI: Kompyuta ya gemu ya sebuleni Kampala kwa milioni moja na nusu. Anza na tivii, kadi baadaye

Mtoto_wa_Kisenyi (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nimemaliza kuunga kompyuta ya gemu. Iko sebuleni chini ya tivii, na watoto wa dada yangu wameacha kukimbilia kibandani kulipa shilingi 500 kwa kila mechi. Imenigharimu shilingi 1,530,000, pedi mbili na UPS (ile betri ya akiba ya umeme ukikatika) zikiwemo. Naweka hesabu yote hapa kwa sababu nilipokuwa nikiulizia, kila mtu alinijibu moja kati ya mawili: nunua PS4 ya mtumba yaishe, au kama huna milioni nne usijisumbue.

PS4 ni mashine nzuri, sina ugomvi nayo. Ila kwetu mashine hiyohiyo asubuhi inaandika risiti za duka la dada, jioni mtoto wa sekondari anafanyia kazi ya shule, usiku tunaangalia filamu za VJ, zile zilizotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi, kutoka kwenye flashi. Tulihitaji kompyuta kamili. Na milioni nne, ningezitoa wapi? Hata ningezipata, nusu yake ingepotea bure, na hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Watu huanza na kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu. Mimi nilianza kwa kuigeuza tivii na kusoma kibandiko cha nyuma. Tivii yetu ni ya inchi 40, 1920 kwa 1080, hezi 60. Maana yake ina pikseli milioni mbili na kidogo, na inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitema fremu, yaani picha kamili, 120 kwa sekunde, tivii inakuonyesha 60. Zile 60 nyingine umezilipia na hutaziona. Mwenye tivii ya 4K ana pikseli zaidi ya milioni nane, mara nne ya zangu, kwa hiyo kadi inayonitosha mimi itamwelemea yeye. Halafu kochi letu liko mita mbili na nusu kutoka ukutani. Nimekaa pale nikalinganisha mipangilio ya juu na ya kati, na kwa umbali ule vivuli na majani havinipi sababu ya kuongeza laki tano.

Kwa hiyo lengo likawa wazi: 1080p, fremu 60, mipangilio ya kati. Nikarudi nyuma kutoka hapo.

Kasha. Hapa nilishaumia mara moja. Mwaka juzi nilinunua kompyuta ya ofisi ya mtumba ya lile umbo jembamba la kulala, kwa sababu ilipendeza chini ya tivii. Nikaja na kadi, nikafungua mfuniko, kadi haiingii: ni ndefu kuliko kasha lenyewe. Kadi fupi zinazoingia humo zipo, ila ni adimu na bei yake iko juu. Niliiuza ile mashine kwa hasara ya 120,000. Safari hii nimechukua ya kusimama, ile ndefu ya kawaida. Haipendezi sana, lakini kila kadi ya ukubwa wa kawaida inaingia.

Nimelipa hivi: kompyuta ya ofisi ya kusimama yenye prosesa ya i5-6500 na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, 520,000. Kadi ya GTX 1650 ya Nvidia ya GB 4, iliyotumika, 480,000. RAM nyingine ya GB 8, 90,000. SSD (diski ya kuhifadhi) ya GB 480, 170,000. UPS ya VA 650, 180,000. Pedi mbili za waya, 80,000. Waya wa HDMI, 10,000. Hizo ni bei nilizozipata mimi baada ya siku tatu za kuzunguka maduka ya Wilson Road hapa Kampala na kubembelezana. Wewe unaweza kupata juu au chini yake.

Kwa nini GTX 1650? Sloti ya kadi kwenye ubao mkuu wa kompyuta inatoa wati 75, na kadi hii inaishi ndani ya hizo 75. Haiombi waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, na pawa saplai za hizi kompyuta za ofisi mara nyingi hazina huo waya. Angalia vizuri lakini: kuna GTX 1650 za viwanda vingine zina tundu la pini sita juu. Hiyo iache. Kila unapoambiwa kuhusu kadi ya AMD, "chukua RX 580, ina GB 8 na bei ni ileile", kumbuka RX 580 inakula wati 185, na nyingi zimechoshwa na uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Ukiichukua utabadilisha pawa saplai, na hapo bei si ileile tena.

GTA V inakwenda fremu 60 bila kuyumba. Mpira wa miguu, safi. Gemu nzito za miaka hii mitatu minne zinahitaji mipangilio ya chini pamoja na FSR, ule ujanja wa AMD wa kuchora picha ndogo kisha kuikuza, ambao unakubali hata kwenye kadi za Nvidia. Prosesa ina kori (vitengo vya kukokotoa) nne tu, na kwenye miji yenye watu wengi ndani ya gemu unaisikia ikihema. Nayasema haya mapema ili mtu asije akalaumu.

Maswali karibuni.

Dada_wa_Bombo

Kaka, asante kwa kuandika kwa lugha ninayoielewa. Mimi nina 900,000 tu, na hiyo nimeikusanya tangu Pasaka. Mwanangu ana miaka 12, tivii yetu ni inchi 32, nyuma imeandikwa 1366 kwa 768. Nisubiri niongeze au kuna kitu naweza kufanya?

Mtoto_wa_Kisenyi

Dada, tivii yako imekuokoa pesa. 1366 kwa 768 ni pikseli milioni moja na kidogo, karibu nusu ya zangu. Kadi inayobanwa kwenye tivii yangu itapumua kwenye yako. Tafuta kompyuta ya kusimama yenye prosesa ya kizazi cha nne, i5-4590 au ya karibu yake. Niliziona za 380,000. Ongeza GTX 1050 Ti ya GB 4, nayo inaishi ndani ya wati 75, niliachiwa moja kwa 300,000. SSD ya GB 240 ni 90,000, pedi moja 40,000, UPS 180,000. Jumla 990,000. Umepungukiwa 90,000.

Dada_wa_Bombo

Nikitoa UPS si nabaki na chenji?

Fundi_wa_Wilson_Road

Dada yangu, hapo nisikilize mimi, maana nimefungua mashine nyingi zilizokufa. Usitoe UPS. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na umeme wetu ukikatika haukatiki kimyakimya: unarudi kwa kishindo, unakatika tena, unarudi. Mashine inayokufa mara nyingi hufa kwenye kule kurudi. UPS ya VA 650 inatoa wati kama 360 hivi, haitakupa saa ya kucheza. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, na inasimama katikati ya ukuta na ubao wako. Usichomeke pasi humo, wala friji.

Na mvua ikianza kunguruma, chomoa vyote ukutani, na waya wa antena ya tivii pia. Watu wanasahau antena. Nimeletewa kompyuta ambayo radi ilipita kwenye antena, ikaingia kwenye tivii, ikashuka na waya wa HDMI hadi kwenye kadi. Tundu la HDMI lilikuwa jeusi kama mdomo wa sigiri.

Badala ya kutoa UPS, ahirisha kadi. Chukua mashine, SSD, UPS na pedi. Hiyo ni 690,000. Zile 210,000 weka pembeni, mwezi ujao ongeza 90,000 ununue kadi. Michoro iliyo ndani ya hiyo i5 itamfaa mtoto kwa gemu nyepesi na za zamani. Ila kompyuta nyingi za ofisi za umri huo hazina HDMI, zina tundu nyingine za picha, DisplayPort na VGA. Nunua kabisa na adapta ya DisplayPort kwenda HDMI.

Mwenye uzi, nakupongeza, lakini kuna mahali nakupinga. Hiyo mashine yako imefika mwisho wa barabara. Prosesa ya kizazi cha 6 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, na Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Hata ukitaka kupandisha prosesa, mara nyingi unaweza kwenda i7 ya kizazi hichohicho, basi. Mimi kwa mwenye milioni mbili ningemwambia aunge prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, kwenye ubao mpya. Kori 6, michoro ndani, hakuna kadi kwa sasa. Kadi ataongeza akipata. Kila anachonunua kinabaki na thamani.

Mtoto_wa_Kisenyi

Fundi, nakuheshimu, na kuhusu umeme sina neno la kuongeza. Kuhusu 5600G, nililipima hilo kwa wiki mbili nzima. Michoro ya ndani ya 5600G haiikaribii GTX 1650. Kwa hiyo huyo mwenye milioni mbili atacheza kwa shida leo akisubiri kadi ya kesho, na kesho yetu inaliwa na karo ya shule. Pili, 5600G haina kumbukumbu yake ya michoro, inakula RAM ya mashine, kwa hiyo lazima uweke vijiti viwili vya RAM vifanye kazi sambamba. Ukiweka kijiti kimoja njia inabaki nusu, na gemu zinaporomoka. Na RAM ndiyo kitu kilichopanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vimeelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde. Mashine ya ofisi inakuja na RAM yake ndani, na muuzaji bado anaihesabu kwa bei ya mtumba.

La Windows 11 nakubaliana nawe kabisa. Lakini ndilo lililofanya ofisi za Ulaya zitupe mashine hizi, na ndiyo maana zimefika kwetu kwa bei hii.

Fundi_wa_Wilson_Road

La RAM nakupa. Juzi nimepigiwa bei ya kijiti cha GB 16 nikauliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Basi niongeze onyo moja. Anayenunua RAM ya pili kwa mashine za kizazi cha 6 afungue kwanza aone: nyingine zinatumia DDR3L, nyingine DDR4, na haziingiliani. Na mtu asidanganywe kubadilisha pawa saplai ya hizi mashine za ofisi kwa zile nyepesi zilizoandikwa wati 500. Kwanza waya wa Dell na HP za ofisi si wa kawaida, utahitaji adapta. Pili, iweke mkononi. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 ina uzito, ndani kuna shaba. Ile niliyoifungua mbele ya mteja ilikuwa nyepesi kama mkate, nafasi za vichujio vya umeme zipo kwenye ubao lakini vyenyewe havijawekwa, wamepitisha vipande vya waya. Ilikuwa imeua ubao na SSD kwa pamoja. Bora ile ya asili ya wati 290 kuliko hiyo.

Mkazi_wa_Arua

Nafuatilia. Niko Arua, natumia sola nyumbani. Betri moja ya 12V, Ah 200, na inveta. Hii kitu itawaka kweli?

Mtoto_wa_Kisenyi

Itawaka kaka, na swali lako limegusa kitu nilichotaka kukiandika hata hivyo.

Nina kipima umeme cha kuchomeka ukutani. Kompyuta ikikaa tu bila kazi inakula wati 35. Kwenye gemu ilifika 140. Kisha nikaingia kwenye programu ya kadi nikaweka kikomo cha fremu 60, zile tu ambazo tivii inaweza kuonyesha. Ikashuka hadi 115, na feni ikanyamaza. Wati 25 zilikuwa zinachoma fremu ambazo hakuna aliyeziona! Fanyeni hilo hata kama umeme wenu si wa sola.

Betri yako ina kama Wh (wati-saa) 2,400. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, ni 1,200. Kompyuta 115 na tivii 60 ni 175. Inveta nayo inapoteza kidogo njiani, tuseme asilimia 15. Unapata kama saa tano na nusu au sita, taa na simu zikiwa hazijagusa kitu. Hakikisha tu inveta ni ya wimbi safi, zile za bei ya chini zinazifanya pawa saplai zilalamike.

Na sisi wa Yaka, umeme wa mita ya kulipia kabla, tupige hesabu yetu. Kompyuta isiyo na kikomo pamoja na tivii ni wati 200. Saa tatu kila siku ni uniti 18 kwa mwezi. Uniti ukiikadiria shilingi 760, ni kama 13,700. Sasa chukua lile dubwana la milioni nne linalokula wati 400, weka tivii ileile: uniti 41 na ushee, zaidi ya 31,000. Kwa mwaka tofauti inapita laki mbili. Yaani kila mwaka unanunua karibu nusu ya GTX 1650 na kuiingiza kwenye mita.

Mwanafunzi_Wandegeya

Je Linux badala ya Windows? Nimesikia Bazzite, aina mojawapo ya Linux, inawaka moja kwa moja kwenye gemu kama konsoli, unashika pedi tu bila kibodi.

Mtoto_wa_Kisenyi

Ni kweli, na kwa sebule ni raha, hasa ukiwa na kadi ya AMD, maana ndizo zinazoelewana na Linux bila maneno. Proton, programu ya Valve wenye duka la gemu la Steam, inaendesha gemu nyingi za Windows humo. Lakini uliza kwanza nyumbani wanacheza nini. Fortnite na FC (zile za mpira) za miaka hii zina kinga dhidi ya wadanganyifu ambayo haikubali Linux. Kwetu mpira ndio gemu namba moja, kwa hiyo nimebaki Windows. Kama ninyi ni watu wa gemu za hadithi za mchezaji mmoja, wekeni Bazzite na msahau habari ya Windows 10.

Ukichagua AMD kwa ajili hiyo, chunga RX 6400. Ni ndogo, wati 53, inavutia. Ila inaongea na ubao kwa njia nne tu, na kwenye ubao wa zamani kasi ya njia hizo inashuka. Imetengenezwa kwa ajili ya bao mpya. Mwenye pesa zaidi kidogo atafute RTX 3050 ya Nvidia ya GB 6, wati 70, bila waya wa ziada. Ile ya GB 8 ni kadi nyingine, inataka waya.

Mwanafunzi_Wandegeya

Na bando? Gemu moja GB 80, mimi nitaipakua na nini?

Mtoto_wa_Kisenyi

Usipakue. Tafuta rafiki aliye nayo, nenda na mashine yako kwake mkiwa kwenye ruta moja. Tangu 2023 Steam inanakili gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya nyumba bila kuipakua upya kwa bando, ukiwa na gemu hiyo kwenye akaunti yako. Au beba diski ya nje, nakili folda ya gemu, iweke mahali pake, kisha mwambie Steam ahakiki faili. Itashusha vilivyopungua tu. Hapa kwetu tuko vijana wanne na diski moja inayozunguka.

Mama_wa_Ntinda

Mimi nauliza la nyumbani. Mume wangu anataka kuifungia ndani ya kabati la tivii, lenye mlango wa kioo, ili vumbi lisiingie.

Fundi_wa_Wilson_Road

Mama, asifunge. Vumbi litaingia polepole, joto litaua haraka. Hewa ya moto ikikosa pa kutokea inazunguka na kurudi kwenye feni, kadi inajipunguzia kasi yenyewe na gemu inaanza kukwamakwama. Mwambie seremala atoe ubao wa nyuma wa kabati wote, na mlango uwe wazi wakati wa kucheza. Mashine ikae juu ya kitu, isikae sakafuni. Kama mko karibu na barabara ya murramu, ifungueni kila baada ya miezi miwili mipulizie vumbi, mkiwa mmeshika feni kwa kidole isizunguke. Na mashine ya mtumba, siku ya kwanza, mbadilishe ile dawa ya joto juu ya prosesa. Kwenye nyingi ninazofungua imekauka kama udongo.

Mama_wa_Ntinda

Asante sana fundi. Namwonyesha ujumbe huu jioni.

Dada_wa_Bombo

Kaka, fundi, nimerudi. Nilifanya kama mlivyoniambia. Mwezi ule wa kwanza mtoto alicheza gemu za zamani bila kadi, hakulalamika. Jana nimeleta GTX 1050 Ti, 290,000. Tumeichomeka pamoja na mjomba wake, feni inazunguka, tivii nyeusi. Tumetoa, tumerudisha, mara tatu. Mtoto anakaribia kulia. Kadi ni mbovu?

Mtoto_wa_Kisenyi

Dada, waya wa tivii umechomeka wapi? Bado uko kwenye ile adapta?

Dada_wa_Bombo

Ndiyo, palepale pa mwanzo, karibu na tundu za USB.

Mtoto_wa_Kisenyi

Hapo ni kwenye ubao. Ukiweka kadi, mashine nyingi za ofisi zinazima tundu hizo zenyewe. Zima, toa adapta, angalia chini kidogo nyuma ya kasha, utaona tundu la HDMI limelala kwenye kadi yenyewe. Chomeka waya moja kwa moja humo.

Dada_wa_Bombo

IMEWAKA!! Picha nzuri sana. Ila kingo zimekatwa, siuoni ule mstari wa chini wenye saa.

Mtoto_wa_Kisenyi

Hiyo ni tivii inakuza picha. Kwa rimoti ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua ile inayoonyesha picha nzima bila kukata. Ukiwa humohumo, washa hali ya gemu. Tivii itaacha kuremba picha, na mtoto akibonyeza pedi mchezaji atapiga mpira palepale.

Dada_wa_Bombo

Imekaa sawa. Ameshaanza mechi na mjomba wake, na pedi ni moja, wanapokezana kila goli likiingia. Jumamosi nashuka Kampala kutafuta ya pili.